Wamejuaje kama ninayo ree? Mwongozo wa kumsoma mpinzani kwenye karata, na wewe usisomeke

Kila Ramadhani ikiingia, baada ya tarawehe, baraza letu linajaa sura mpya, na kila mwaka swali ni lile lile: "Ami, wamejuaje kama ninayo ree, yaani ile karata ya A?" Nimeulizwa na kijana wa chuo, nimeulizwa na mvuvi, na mwaka jana nikaulizwa na mpwa wangu aliyevuka kutoka Wete, ambaye kwao Pemba anajiona bingwa na huku mjini alipisha usiku kucha. Kahawa inapoa namjibu mmoja, kisha anakuja wa pili na lile lile. Basi naandika, na atakayeuliza tena nitamwambia asome.

Jibu lenyewe ni fupi: umewaambia wewe. Umewaambia kwa vidole, kwa macho, kwa kuacha kutafuna kashata ghafla. Hapa nitakuonyesha namna ya kuyaona hayo kwa mwenzio, kisha namna ya kuyafuta kwako. Nimeandika kwa mchezo wa wahedi wa sitini kwa kuwa ndio tunaocheza, lakini mchezo wowote ambao mtu ameficha alichonacho, hata dhumna, mengi yatakufaa.

Wenzetu wa Marekani elimu hii wameifanya kazi ya kulipwa. Las Vegas yapo mashindano makubwa ya pokeri tangu mwaka 1970, na watu wanaketi ukumbini usiku na miwani myeusi machoni ili wasisomwe. Sisi hatuchezi kwa pesa. Mzee aliyenifundisha karata hakuniachia hata dau la kikombe cha kahawa. Alisema kamari ni kamari hata ikitiwa tangawizi. Barazani kwetu anayefungwa anapisha, basi. Na huko kuinuka mbele za watu, huku unazomewa na watoto, kunauma kuliko kutoa shilingi.

KABLA HUJAKAA MKEKANI

Uwe na mambo haya:

- Thamani za karata ziwe kichwani kama jina lako. Ree 11, saba 10, kisha wazungu, ndizo karata za picha: mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, zilizobaki ni garasa, hazina thamani. Aina ni nne, kopa, uru, shupaza, pau: kila moja ina 30, zote pamoja 120, na ukivuka nusu kwa moja, yaani 61, umeshinda. Sasa shika hesabu hii: ree nne na saba nne peke yake ni 84. Karata nane tu zimebeba zaidi ya thuluthi mbili za mchezo mzima. Kwa hiyo huna haja ya kumsoma mtu kwa kila garasa anayotupa. Unamtafuta aliyeshika zile nane, na mwenye turufu, yaani aina inayokula aina nyengine zote. Anayehesabu bado kwa vidole mzungu wa tatu ni ngapi, huyo acheze mwezi mmoja kwanza, kichwa chake hakina nafasi ya kutazama watu.

- Mahali pa kukaa penye ukuta nyuma yako. Sababu utaiona hatua ya sita, na wengi wanaidharau mpaka iwapate.

- Usiku tatu wa kutazama bila kucheza.

- Mwenza mliyekubaliana kwamba mkifungwa hamgombani mkekani.

- Kanuni za baraza lile. Namna ya kugawa, nani anaanza, kama ishara za wenza zinaruhusiwa au ni wizi: uliza kabla. Kila baraza lina yake, na mgeni ndiye anayefuata, si wenyeji.

HATUA ZENYEWE

1. Mjue mtu akiwa hana jambo.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo wanaoanza wanaliruka. Wanakuja wamesikia kwamba anayekuna pua ana turufu, anayetazama juu anadanganya. Upuuzi. Kuna mzee kwetu mkono wake unatetemeka tangu alipougua, akishika ree unatetemeka, akishika garasa unatetemeka, akishika kikombe ndio usiseme. Kuna kijana mguu wake hautulii hata msikitini. Ukiwasoma hao kwa dalili za kusikia, utakula hasara usiku kucha.

Kwa hiyo usiku wa kwanza tazama tu watu wanavyokaa mchezo ukiwa baridi. Nani ana maneno mengi? Nani anaegemea? Nani anaitazama mikono yake kila dakika? Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Usiku wa pili tafuta mabadiliko: msemaji aliyenyamaza, aliyeegemea akainuka, mguu uliokuwa unaning'inia barazani ukicheza, ukasimama tuli. Kinachokuhusu ni mabadiliko peke yake.

Utajuaje sasa badiliko lile lilikuwa la ree au la woga? Subiri ubishi. Mkono ukimalizika watu lazima wabishane: "Ungenitolea turufu pale!" "Ningetoa ipi, nilikuwa na saba ya kopa peke yake!" Hapo kila mtu anakwambia mwenyewe alikuwa na nini. Wengi huu ubishi wanauona kelele na wanageukia kahawa. Wewe ndio usikilize, uunganishe: alipokaa vile, kumbe alikuwa na saba ya kopa. Mara tatu zikifanana, unayo dalili. Mara moja ni bahati tu.

2. Turufu ikifunuliwa, usiitazame.

Karata ya turufu haikimbii, utaiona baadaye. Wakati ule wote wanaitazama, wewe watazame wao. Ni kama nukta mbili hivi, na ndizo nukta tamu kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyejiandaa. Anayeiona turufu kisha macho yake yanashuka haraka kwenye mkono wake anakwenda kuhakikisha kitu. Mara nyingi ana moja nzuri ya aina ile. Anayeitazama, akashusha pumzi, akageuka kumtafuta muuza kahawa, hana kitu.

Wachezaji wazoefu wa pokeri wanafanya vivyo hivyo karata tatu za mwanzo zinapofunuliwa katikati ya meza: wanawatazama wapinzani, za mezani watazitazama wakishamaliza. Wanasema pia kwamba mwenye mkono mzuri hutupa jicho dogo kwenye rundo lake la chipu za kuwekea dau bila kujijua. Sisi hatuna chipu, lakini tuna mwenza. Aliyepata turufu nzuri humtazama mwenza wake haraka, kama aliyepokea barua ya kheri.

3. Tazama karata inatoka wapi mkononi.

Asilimia kubwa ya watu wanapanga mikono yao. Kopa kwa kopa, uru kwa uru, na turufu pembeni, kwa kawaida upande mmoja siku zote. Mtu akitoa turufu kutoka kulia kabisa, umeshajua ghala lake. Baada ya hapo akigusa kulia kisha akaghairi, umejua anayo nyingine na anaiwekea akiba. Akitoa karata katikati, wakati karata zilizobaki upande wa kulia ni mbili, basi ana turufu mbili, au alikuwa nazo na amechanganya, na watu wa kuchanganya ni wachache.

Dalili nyengine ya mikono naipenda sana. Saba ni 10, lakini ree ya aina yake ikiwa haijatoka, mwenye saba anaishi kwa hofu, maana ataliwa. Anaificha ndani, kidole gumba juu yake. Ree ikitoka tu, tazama kidole. Kinalegea, na mara nyingi karata inahamishwa kutoka ndani kuja pembeni, tayari kutumika. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu nyeupe, wanaihamisha saba ya uru mbele ya macho ya watu wote kana kwamba wako peke yao chumbani.

Na mkono unaotetemeka kwa mtu ambaye kwa kawaida hatetemeki? Usidhani ni woga. Mara nyingi ni furaha inayobanwa: amepata kitu kikubwa na sasa anangoja zamu yake. Usimtolee karata nene huyo.

4. Hesabu muda.

Anayetupa upesi ama hana cha kuchagua, ama alikwisha kuamua zamani. Anayekawia ana vitu viwili na anavipima. Mkawiaji akitupa garasa, jiulize alikuwa anapima na nini. Hapo karibu kila mara kuna kitu kikubwa kimebaki mkononi.

Kuna kukawia kwa uongo pia. Mtu ana karata moja tu ya maana, lakini anakuna kichwa, anapiga ulimi, anaitazama dari ya baraza. Mtu anayefikiri kweli anatulia, mwili unasahaulika. Anayeigiza anajishughulisha.

5. Sikiliza kelele, sikiliza na kimya.

Wanaokaa Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe Unguja, watanisamehe, pale kelele ni nusu ya mchezo na sikusudii kuwanyamazisha. Lakini anza kuzitenganisha. Kuna kelele za utani wa kila siku na kuna kelele zinazokuja ghafla. Mtu akianza kujigamba wakati karata yake haijatoka, "Leo mtalala mapema nyinyi!", mara nyingi anataka umwogope ili usitoe. Mwenye ree kweli anataka utoe, kwa hiyo anajifanya mdogo: anaguna, anatikisa kichwa, anasema bahati leo haipo. Aliye dhaifu anajitutumua, aliye na nguvu anajinyongesha. Kanuni hiyo si ya siku zote, lakini kwa wachezaji wa kati inashika vizuri. Kwa mabingwa inageuzwa, na kwa watoto haina kazi maana watoto wakipata ree wanacheka tu.

Halafu kuna wanaokuuliza. "Wewe unayo saba, sio?" Hataki jibu la mdomo, anataka kuona uso wako ukijibu. Mwaka 2003 huko Las Vegas, Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kwa kucheza kwenye intaneti, alibaki mezani na Sam Farha, mtu mzoefu sana. Kwenye mkono mmoja Moneymaker alikuwa hana kitu, akasukuma chipu zake zote. Farha alianza kuzungumza, akaotea kwa sauti kwamba mwenzake alikuwa anangoja karata ya aina moja na hakuipata. Alikuwa ameotea sawasawa. Moneymaker hakujibu, hakusogea. Farha akaziweka karata zake chini, na mwisho wa mashindano dola milioni 2.5 zikaenda kwa mhasibu. Ukiulizwa, basi, tazama birika la kahawa na usubiri zamu yako.

6. Watazame watazamaji, na uwafiche wako.

Pokeri ya Las Vegas haina tatizo hili, sisi tunalo. Baraza ni njia ya watu. Nyuma ya kila mchezaji amesimama mtu wa pili na wa tatu, mwenye baiskeli, mwenye mkate wa ajemi mkononi anayetakiwa nyumbani kwa daku, na wote wanauona mkono wa aliye mbele yao. Mchezaji amejifunza kuficha uso. Aliye nyuma yake hakujifunza.

Kwa hiyo usimtazame mpinzani peke yake. Nyanyua macho kidogo. Karata zikigawiwa, mtazamaji akinyanyua nyusi, akimgonga wa pembeni yake, akaacha safari yake na kuweka baiskeli ukutani, basi mkono ule una jambo. Akiutazama mkono kisha akaondoka kwenda kumtazama mwengine, una garasa. Mimi kwa njia hii nimejua mengi kuliko kwa nyuso zote za wachezaji.

Wapo wanaoniambia hii si haki. Mimi naona ni haki, kwa kuwa sijamwomba mtu anifanyie ishara. Nimeona kilichoko mbele yangu kama kila mtu. Lakini ukimpanga rafiki yako asimame nyuma ya mpinzani akukonyeze, huo ni wizi, hauna jina jengine. Vilevile kuchungulia karata kwa kujidai unachukua kikombe, au kuzisoma kwenye kioo cha miwani ya mzee wa watu.

Sasa umejua kwa nini nilisema ukuta. Fika mapema, kaa penye ukuta, na kama ukuta umekwisha kukaliwa, zishike karata chini karibu na kifua, ukifungua pembe tu.

7. Jifanyie mwendo mmoja.

Hapa tunageuka, maana yote uliyoyasoma juu yanakuhusu na wewe. Fanya hivi kwa kila karata, ree au garasa:

a) Karata zikigawiwa, zinyanyue zote kwa pamoja, zitazame mara moja, zifunge. Usizitazame tena mpaka zamu yako.
b) Usizipange. Kama huwezi kucheza bila kupanga, basi zipange, kisha ubadilishe mbili tatu mahali pake, na kila mkono turufu ikae pengine.
c) Zamu yako ikifika, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo utoe. Hata kama unayo moja tu ya kutoa. Hata kama mkono unawasha.
d) Iteremshe karata kwa mkono ule ule, kwa nguvu ile ile. Kama wewe ni mtu wa kupigiza, pigiza na garasa.
e) Chagua kitu kimoja cha kutazama wakati wa zamu za wengine. Mimi natazama kamba ya kiatu changu, nikinyanyua macho nanyanyua kwa wote, zamu kwa zamu.

Nilichelewa sana kulijua hili. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nafungwa na watu ninaowazidi, na nikaisingizia bahati. Kumbe nikipata ree nilikuwa naimba. Kwa ndani ya pua, kipande kile kile cha taarabu, wala sijijui. Baraza zima linajua, mwenza wangu anajua na alidhani nafanya makusudi kumpa habari. Aliyenifichulia ni mtoto wa kashata, alipouliza, "Ami, leo mbona huimbi?" Kwa hiyo ushauri wangu: mtafute mtu asiyecheza, mtoto au muuza kahawa, umuulize unafanyaje ukiwa na karata nzuri. Watu wako wa mkekani hawatakwambia, wanaishi kwa hiyo.

8. Jenga sura, kisha itumie kwa uchache.

Mwendo mmoja ukishauzoea, unaweza kuanza kuzuga. Lakini fahamu tofauti yetu na wale wa pokeri. Wao wanakutana na mgeni, wanamzuga, wanaondoka. Sisi mtu unayemzuga leo utakaa naye kesho, na mwakani, na pengine binti yake ataolewa na mwanao. Sura yako barazani ni kumbukumbu za watu, inachukua miezi kujengwa, na uongo mmoja unaila kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hesabu kama mtu mwenye akiba ndogo.

Mfano. Kwa wiki mbili kila nikipata ree ya turufu napigiza mkeka mpaka vikombe vinaruka. Watu wameshajua: huyu akipiga, ni kweli. Usiku mmoja, karata za mwisho mwisho, sina ila mzungu wa pili wa turufu, nao wana saba ya shupaza wanataka kuitia na wanaogopa. Nikanyanyua mkono juu kama nijipangavyo kupigiza. Zamu haikuwa yangu bado. Yule bwana akaiona, akairudisha saba yake, akatoa garasa, na mzunguko tukaula sisi. Tulimaliza na 63. Wakaniita majina yote. Na tangu siku ile kupigiza kwangu hakumwogopeshi mtu. Ilinibidi ninyamaze kabisa kwa miezi, nianze upya. Ilifaa? Kwa usiku ule, ndiyo. Ingekuwa usiku wa kawaida, wa watu watano na taa inazimika, nisingeitumia.

Sura ipi ujenge? Ile iliyo karibu na tabia yako. Mpole asijifanye mgomvi, atachoka saa nne ya usiku na mwendo utavunjika. Mwenye maneno aendelee na maneno, ila yawe mengi siku zote, siyo siku ya ree.

9. Ukihamaki, pisha.

Ukifungwa mara mbili kwa kejeli, damu inapanda, na hapo mwili wako unasomeka kama bango la Darajani. Utatoa haraka, utapigiza, utamlaumu mwenza. Pisha mkono mmoja, kanywe kahawa, urudi. Sina zaidi la kusema hapo.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA USIKU

Kumkodolea macho mtu. Utamfanya ajifunge, na ni utovu wa adabu hasa kwa mkubwa wako. Jicho lipite tu, lirudi.

Kusoma uso na kusahau karata. Kama ree tatu zimeshatoka na unayo ya nne wewe, sura ya mtu anayejifanya ana ree inakuhusu nini? Hesabu inakwenda mbele, dalili inafuata. Dalili inatumika pale tu hesabu inapokuacha kati ya mambo mawili.

Kutangaza ulichokisoma. Vijana hawawezi kujizuia: "Nilijua unayo, ulivyoshika kikombe!" Hongera, kesho hatashika kikombe. Dalili uliyoihangaikia wiki tatu umeipa talaka kwa ajili ya kucheka mara moja.

Kubadilisha sura kila usiku. Leo bubu, kesho mpiga kelele. Hiyo inamchanganya mwenza wako tu.

Na kosa la wenza: kukonyezana. Barazani kwetu kukohoa kwa ajili ya turufu ni wizi na mtu anaweza kuambiwa asirudi. Ukiwa na mafua, sema mapema. Sifanyi mzaha, imewahi kuleta maneno.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

"Nimemsoma sawasawa na bado nimefungwa." Inawezekana. Karata zikiwa mbaya ni mbaya, kusoma hakuzigeuzi garasa kuwa saba. Jitazame kwa mwezi, usijitazame kwa usiku mmoja. Swali la kujiuliza ni hili: zile mara ulipokuwa na hiari ya kutoa hii au ile, umepatia ngapi?

"Mkono wangu unatetemeka nikipata ree, siwezi kuuzuia." Usiuzuie, upe kazi. Egemeza kiwiko gotini, karata zishike kwa mikono miwili, kahawa punguza. Na teremsha karata kwa kuisukuma juu ya mkeka badala ya kuinyanyua, mtetemeko hauonekani.

"Mpinzani hana dalili hata moja." Wapo, wachache. Achana naye, msome mwenza wake. Mtu mgumu kama jiwe mara nyingi ana mwenza laini, na habari za mkono wa mmoja utazipata kwa namna mwenzake anavyotulia au kuhangaika baada ya kutazamwa.

"Dalili niliyoitegemea imegeuka." Ama umemwambia (rudi juu, makosa), ama ameambiwa, ama ilikuwa bahati tangu mwanzo. Mkishindana wiki moja zaidi utajua. Mpaka hapo ichukulie kama haipo.

"Mwenza wangu ndiye anayetuvujisha." Mwambie mchana, mkiwa wawili, kwa upole, na umpe kitendo kimoja tu cha kurekebisha. Kama ni mkubwa wako au mkwe wako, usimwambie kabisa. Badala yake mwombe mbadilishane nafasi, yeye akae penye ukuta.

"Tunacheza kwenye simu, hakuna uso." Hatua ya nne bado inafanya kazi. Anayejibu papo hapo, anayekawia, anayekawia kisha akatoa garasa. Ila simu ina mtandao, na mtandao ukikwama utadhani mtu anafikiri kumbe yuko Mkoani gatini anatafuta mawimbi. Mpime kwanza kwenye mizunguko isiyo na maana.

"Nikihesabu moja mbili tatu wananicheka kwamba mzito." Wacha wacheke. Wiki ya pili watazoea, na wiki ya tatu utamwona mmoja wao midomo inacheza: anahesabu.